Mtoto Anayeishiwa Damu Kila Mwezi: Mwongozo Kamili wa Anemia ya Diamond-Blackfan

Katika kaunti za kando ya Ziwa Victoria, mtoto akipauka viganja na midomo, kila mtu ana jibu tayari. Ni malaria. Ikiwa si malaria basi ni minyoo, au lishe duni, au selimundu. Mara nyingi jibu hilo huwa la kweli, na hapo ndipo anapopotelea yule mtoto mmoja adimu ambaye uboho wake, ile sehemu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu, hautengenezi chembe nyekundu. Anawekewa damu, anapewa dawa ya malaria na chupa ya dawa ya kuongeza damu, anarudishwa Ahero au Mumias akiwa na rangi nzuri, na wiki nne baadaye yuko wodini tena. Kila safari huandikwa kama ugonjwa mpya.

Mwongozo huu ni wa wazazi walio katika mzunguko huo, na wa wahudumu wa vituo vya afya wanaowapokea. Unahusu anemia ya Diamond-Blackfan, ambayo humu tutaiita DBA. Sehemu inayohitaji umakini kuliko zote ni ile ya sampuli zinazotolewa kabla damu haijatundikwa. Mengine yanaweza kusubiri wiki moja, hiyo haisubiri.

Kinachoharibika ndani ya uboho

Louis Diamond na Kenneth Blackfan, madaktari wa watoto wa Boston, waliueleza ugonjwa huu mwaka 1938, miaka miwili baada ya Hugh Josephs kutaja watoto wenye hali kama hiyo. Katika nchi zenye rejista za wagonjwa, hupatikana kwa watoto 5 hadi 7 katika kila milioni moja wanaozaliwa. Kenya huzaliwa zaidi ya watoto milioni moja kwa mwaka, kwa hiyo hata kwa kiwango hicho wapo wapya kila mwaka, wawe wametambuliwa au la.

Karibu kila seli ya mwili ina ribosomu, mitambo midogo sana inayounda protini. Mwenye DBA kwa kawaida huwa na hitilafu katika jeni mojawapo ya protini zinazoijenga ribosomu. Ya kwanza kugunduliwa, mwaka 1999, ni RPS19, nayo ndiyo chanzo kwa takriban robo ya wagonjwa. Tangu hapo zimepatikana nyingine zaidi ya 20. Kwa nini basi iathirike damu nyekundu peke yake, ilhali ribosomu ziko kila mahali? Kwa sababu seli changa ya damu nyekundu inatakiwa kuunda protini ya globini kwa wingi na kwa haraka kuliko karibu seli nyingine yoyote. Ribosomu zikiwa chache, globini huchelewa huku himu, ile sehemu ya himoglobini inayobeba chuma, ikiendelea kutengenezwa. Himu isiyo na globini ya kushikamana nayo ni sumu kwa seli. Seli hufa kabla ya kukomaa.

Chembe nyeupe na chembe za kugandisha damu kwa kawaida huwa sawa. Hilo litatusaidia kwenye vipimo.

Karibu nusu ya watoto hurithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi, ambaye huenda hajui kwa kuwa yeye hana dalili au ana anemia ndogo tu. Waliobaki, hitilafu imejitokeza kwao kwa mara ya kwanza. Mama hakula kitu kibaya akiwa mjamzito, wala baba hakukosea. Tunalisema mapema kwa sababu familia nyingi hufika kliniki zikiwa tayari zimeshalaumiana.

Dalili za kutafuta, na zile za kukosekana

Watoto wengi hugunduliwa wakiwa na miezi 2 au 3, na karibu wote kabla ya kutimiza mwaka. Mtoto hunyonya kidogo kisha anaacha kwa kuchoka, anatokwa jasho kichwani, anapumua haraka, anapauka. Kwa kuwa damu hupungua polepole, moyo wake huizoea hali hiyo, na unaweza kumkuta akicheza ilhali himoglobini ni gramu 4 kwa desilita. Usidanganyike na tabasamu lake.

Dalili zinazokosekana zina uzito vilevile. Katika DBA macho hayana manjano, wengu haujavimba, mkojo si mweusi, hakuna michubuko wala kutokwa damu. Ukiona manjano au wengu mkubwa, fikiria kwanza malaria au selimundu, maana huko chembe nyekundu zinaharibiwa baada ya kutengenezwa.

Kisha mvue mtoto nguo umtazame mwili mzima. Karibu nusu yao wana kasoro ya kuzaliwa nayo. Anza na kidole gumba: chenye vifundo vitatu kama vidole vingine, kidogo kupita kiasi, au kisichokuwepo. Nyama ya chini ya kidole gumba, upande wa kiganja, inaweza kuwa bapa. Fungua mdomo uone kama kaakaa limepasuka. Angalia shingo fupi, macho yaliyo mbali mbali, masikio yaliyo chini. Sikiliza moyo. Pima urefu, maana wengi ni wafupi. Mtoto wa miezi minne aliyepauka na kidole gumba kisicho cha kawaida asiruhusiwe kurudi nyumbani na dawa ya minyoo.

Hatua ya 1: Toa sampuli kabla ya damu kutundikwa

Damu ya mchangiaji ikishaingia, vipimo kadhaa huwa vinasoma damu ya mtu mwingine kwa miezi mitatu au zaidi. Wakati mtoto anatobolewa mshipa ili damu yake ilinganishwe na ya mchangiaji, tumia tundu hilo hilo kutoa chupa nyingine mbili ndogo zenye kifuniko cha zambarau, mililita 1 hadi 2 kila moja, na moja ya kifuniko chekundu. Kwa mtoto aliye mahututi, usicheleweshe damu kwa ajili ya karatasi. Chota sampuli, ziweke kwenye friji ya maabara, kisha ombeni vipimo baadaye siku hiyo.

Zinazohitajika kutoka kwenye sampuli hizo ni hizi:

- Himogramu kamili, yaani hesabu ya chembe zote za damu, pamoja na kioo cha damu kitazamwe kwa hadubini.
- Hesabu ya retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa. Kipimo hiki hakimo ndani ya himogramu ya kawaida, lazima kiandikwe peke yake kwenye fomu. Ndicho kinachosahaulika kila mara.
- Malaria, kwa kioo au kipimo cha haraka.
- Aina za himoglobini, kwa ajili ya selimundu na pia kuona kiasi cha himoglobini ya kichanga.
- VVU. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 18 ni kipimo cha PCR.
- Kundi kamili la damu, si ABO na Rh pekee bali hata C, c, E, e na Kell kama maabara inaweza. Mtoto atakayewekewa damu mara nyingi huanza kutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya wengine, na baada ya damu ya kwanza ni vigumu kujua kundi lake halisi.

Kipo pia kipimo cha kimeng'enya kiitwacho adenosini diaminasi ndani ya chembe nyekundu. Hupanda kwa takriban watoto wanane kati ya kumi wenye DBA, lakini maabara za kukifanya ni chache na hakisomeki baada ya kuongezewa damu. Kikipatikana, vizuri. Kisipopatikana, msisimamishe chochote kwa ajili yake.

Kama mtoto wako ameshawekewa damu, bado kuna nafasi: siku mnayorudi kwa damu inayofuata, wiki 4 au 5 baadaye, retikulosaiti bado hutoa habari nzuri.

Hatua ya 2: Soma karatasi ya maabara ukijua umri wa mtoto

Tazama kwanza himoglobini. Kila mtoto hushuka kidogo akiwa na wiki 8 hivi, na gramu 10 katika umri huo si ugonjwa. Gramu 5 ni ugonjwa.

Kisha tazama retikulosaiti. Uboho mzima ukikuta damu imepungua hivyo, humwaga chembe changa kwa wingi, na hesabu hupanda mara kadhaa juu ya kawaida. Mtoto mwenye himoglobini 4 na retikulosaiti chini ya asilimia 1 ana uboho usioitikia. Hapo ndipo njia zinagawanyika: selimundu na malaria inayopona huwa na retikulosaiti nyingi, DBA karibu hazipo. Tahadhari moja tu, malaria kali inaweza kuubana uboho kwa siku chache, hivyo rudia kipimo wiki 2 baada ya matibabu.

Tatu ni MCV, ukubwa wa chembe. Hapa kuna mtego. Mashine nyingi huchapisha kipimo cha kawaida cha watu wazima, 80 hadi 100, kando ya jibu. Mtoto wa miezi minane kwa kawaida huwa kwenye sabini na kitu. Akiwa na 96, mashine itasema yuko sawa wala haitaweka alama yoyote, ilhali chembe zake ni kubwa mno kwa umri wake. Kinyume chake, upungufu wa chuma au alfathalasemia, hali ya kurithi inayopunguza globini na ambayo ni ya kawaida sana magharibi mwa Kenya, huweza kuishusha MCV ya mtoto mwenye DBA hadi ionekane ya kawaida. Kwa hiyo MCV kubwa inaunga mkono DBA, lakini MCV ya kawaida haiifuti.

Mwisho, chembe nyeupe na zile za kugandisha damu. Zikiwa sawa, shaka inabaki kwa chembe nyekundu peke yake. Zikishuka zote tatu, huo ni ugonjwa mwingine wa uboho na rufaa ni ya siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Ondoa vinavyofanana nayo

Parvovirusi B19 husimamisha uboho kwa siku 7 hadi 10. Mtoto mzima huenda asionyeshe chochote, lakini mwenye selimundu hushuka ghafla na retikulosaiti hutoweka. Hupona mwenyewe, na retikulosaiti hurudi kwa kishindo.

Kuna pia kusimama kwa muda kwa uboho wa chembe nyekundu utotoni. Huja kwa kawaida baada ya mwaka wa kwanza, MCV huwa ya kawaida, na mtoto hupona ndani ya mwezi mmoja au miwili bila kurudiwa. Ndiyo sababu mtoto wa miaka miwili aliyeanza juzi tu hapewi jina la DBA mara moja.

Swali linaloachwa mara nyingi ni la zidovudini. Watoto waliozaliwa na mama anayeishi na VVU hupewa dawa hiyo wiki za mwanzo kwa kinga, nayo hupunguza damu na kukuza chembe. Uliza, na usome kijitabu cha mama na mtoto. Upungufu wa vitamini B12 kwa mtoto anayenyonya mama mwenye upungufu huo nao huleta chembe kubwa, lakini mtoto huyo huwa mlegevu, anapoteza alichokwisha jifunza, na mara nyingi chembe nyingine hushuka pia.

Hatua ya 4: Rufaa

Kwa walio Kisumu, Siaya, Homa Bay au Vihiga, njia ya karibu ni Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee wengi bado huiita Russia. Walio Bungoma, Trans Nzoia na Uasin Gishu huelekea Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Walio Nakuru huanzia hospitali ya rufaa ya kaunti. Barua ya rufaa iandikwe himoglobini, retikulosaiti na MCV za siku ya kwanza, tarehe na mililita za kila damu aliyowekewa, na maneno haya waziwazi: "uboho hautengenezi chembe nyekundu, tunashuku DBA". Barua inayosema "anemia kali" pekee itamrudisha mtoto kwenye foleni ya malaria.

Huko atachotwa uboho kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, au wa muundi kwa mtoto mchanga. Ni dakika chache, kwa dawa ya ganzi na ya usingizi kidogo. Jibu la DBA ni uboho wenye seli za kutosha za aina nyingine, lakini seli changa za damu nyekundu ni chini ya asilimia 5. Wataagiza pia picha ya moyo na ya figo. Kipimo cha jeni mara nyingi hupelekwa nje ya nchi na huwa ghali. Kisipopatikana, matibabu huanza bila hicho. Wazazi nao wapimwe himogramu, ili kujua kama mmoja wao anabeba jeni hiyo kimya kimya. Akiibeba, kila mimba ina nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipitisha.

Kuongezewa damu kwa mpango

Kabla ya kutimiza mwaka, matibabu ni damu. Kosa kubwa ni kusubiri mtoto azidiwe. Miongozo ya dharura hushauri damu himoglobini ikishuka chini ya 4, au kati ya 4 na 6 kukiwa na dalili za hatari. Kiwango hicho kiliwekwa kwa mtoto wa malaria ambaye uboho wake utajirekebisha. Mtoto wa DBA hajirekebishi. Lengo kwake ni asishuke chini ya gramu 8, na wataalamu wengi sasa hupendelea 9 kwa wachanga ili wakue na ubongo upate hewa ya kutosha. Omba daktari wa kliniki aandike kiwango hicho kwenye kadi, maana daktari wa zamu usiku atafuata kile cha dharura, na kwa anavyojua yuko sahihi.

Kipimo ni mililita 10 hadi 15 za chembe nyekundu zilizotenganishwa kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 8 ni mililita 80 hadi 120, kila wiki 3 hadi 5. Ikiwa iliyopo ni damu nzima, hesabu huwa mililita 20 kwa kilo. Damu ianze ndani ya dakika 30 tangu kutoka kwenye friji na iishe kabla ya muda wa saa nne kupita. Mtoto aliyeshuka chini ya 5 polepole huwekewa kiasi kidogo kwa mwendo wa taratibu, maana moyo uliochoka hushindwa na maji mengi ya ghafla. Omba maabara igawe mfuko mmoja katika mifuko midogo isiyofunguliwa, ili mchangiaji mmoja amhudumie mara mbili kabla damu haijapitwa na tarehe. Kadiri anavyokutana na wachangiaji wachache, ndivyo kingamwili zinavyochelewa.

Kaa naye dakika 15 za mwanzo. Homa, kutetemeka, vipele, pumzi kubana, maumivu ya mgongo, au mkojo mweusi kama chai ya rangi: damu isimamishwe, sindano ibaki mshipani, mfuko usitupwe bali urudishwe maabara.

Sasa suala la wachangiaji. Hospitali zetu huomba familia ilete watu wa kuchangia badala ya damu iliyotumika. Ndugu wachangie, lakini mfuko wa mama, baba, kaka au dada usiwekewe mtoto huyu. Siku moja huenda mmoja wao akahitajika kumpa uboho, na mwili wa mtoto uliokwisha kutengeneza kingamwili dhidi ya damu yake unaweza kuukataa. Mwambie mtu wa maabara hivyo, naye ataingiza mfuko huo kwenye akiba ya jumla. Mchangiaji awe na umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi; mwanamume hurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya 4.

Akiba ya damu nchini hutegemea sana wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, friji hubaki tupu. Vituo vya damu vya kanda viko Kisumu, Eldoret na Nakuru. Familia yenye mtoto wa DBA hufanya vyema kupanga kikundi cha wachangiaji wa kanisa, msikiti au stendi ya bodaboda wiki mbili kabla ya likizo, badala ya kutafuta watu usiku mtoto akihema.

Kuhusu gharama, msajili mtoto kama mtegemezi katika SHA, bima ya afya ya serikali, mapema, kwa *147# au kwenye kituo cha afya, na ulipe mchango wa mwaka. Usajili unaofanywa mtoto akiwa tayari kitandani ndio unaochelewesha watu.

Chuma: adui wa miaka ya baadaye

Kila mililita ya chembe nyekundu ina takriban miligramu 0.7 za chuma. Mtoto wa kilo 10 anayewekewa mililita 150 kwa mwezi hupokea miligramu 105, ilhali chakula kinamwingizia kama miligramu 1 kwa siku au pungufu. Mwili hauna njia ya kutoa ziada hiyo. Hukaa kwenye ini, kwenye tezi, na mwisho kwenye moyo.

Kwa hiyo dawa za kuongeza damu zenye chuma hazimfai, hata chupa moja. Wala ile poda ya virutubishi ya kunyunyizia uji inayotolewa kliniki, kwa kuwa ina chuma. Foliki asidi haina neno. Nyanya atakapoleta managu, omena na juisi ya bitiruti, hakuna haja ya ugomvi: mtoto ale chakula cha nyumbani kama wenzake, chuma cha kwenye sahani ni kidogo mbele ya kile cha kwenye mfuko. Asichopaswa kupewa ni maini kila siku kama dawa, na vidonge vya vitamini C bila ushauri.

Feritini, kipimo cha chuma kilichohifadhiwa mwilini, ipimwe kila miezi 3, mtoto akiwa hana homa, kwa sababu malaria na maambukizi huipandisha kwa uongo. Dawa ya kutoa chuma huanza baada ya kuongezewa damu mara 10 hadi 15, au feritini ikipita 1,000, kwa kawaida mtoto akiwa na miaka 2. Inayotumika zaidi ni deferasiroksi. Vidonge vya kuyeyushwa huanza na miligramu 20 kwa kilo mara moja kwa siku: mtoto wa kilo 12 ni kidonge kimoja cha 250. Kiyeyushwe kwenye maji, kinywewe tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla ya kula. Vile vya kumeza vilivyopakwa ganda vina kipimo kidogo zaidi, kuanzia miligramu 14, hivyo duka likibadilisha aina, usihamishe namba ileile.

Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, hupimwa kila wiki mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi, pamoja na ini na protini kwenye mkojo. Mtoto akiharisha au kutapika, simamisha dawa hiyo siku hiyo hiyo na umwone daktari. Mwili uliokauka maji pamoja na deferasiroksi huua figo. Masikio na macho hupimwa kila mwaka. Badala yake ni deferoksamini, sindano ya chini ya ngozi kwa pampu ndogo, kwa muda wa saa 8 hadi 12, usiku 5 au zaidi kwa wiki. Ni kazi nzito kwa familia, lakini pale figo zinapokataa deferasiroksi, ndiyo iliyopo. Deferiproni hatuipendekezi kwa DBA, kwa kuwa huweza kuziangusha chembe nyeupe ghafla.

Steroidi: lini na kwa kiasi gani

Prednisoloni, steroidi inayotumika, huamsha uboho kwa takriban watoto wanane kati ya kumi. Namna inavyofanya hivyo haijaeleweka yote. Haianzishwi kabla ya miezi 12, kwa sababu hudumaza urefu na kuvuruga ukuaji wa mwili, na kwa sababu chanjo hai zinapaswa kutangulia. Chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 iwe imekwisha. Ile ya miezi 18 ipangwe pamoja na daktari, maana haitolewi mtoto akiwa kwenye kipimo kikubwa wala mwezi mmoja baada yake.

Kabla ya kidonge cha kwanza: tibu minyoo, uliza kama kuna mwenye kikohozi cha muda mrefu nyumbani na mchunguze mtoto kifua kikuu, pima shinikizo la damu na sukari. Steroidi hulegeza kinga, na kifua kikuu kilicholala huamka.

Kipimo cha kuanzia ni miligramu 2 kwa kilo kwa siku, asubuhi baada ya chakula. Kilo 10 ni miligramu 20, yaani vidonge 4 vya miligramu 5. Retikulosaiti huanza kupanda ndani ya wiki 2. Wiki 4 zikipita bila mabadiliko, dawa imeshindwa. Hupunguzwa na kuachwa, mtoto hurudi kwenye damu, na hujaribiwa tena akiwa mkubwa kidogo. Usikubali kipimo kikubwa kiendelezwe miezi "labda itafanya kazi". Daktari huongeza kotrimoksazoli ya kinga kipindi cha kipimo kikubwa.

Ikifanya kazi, himoglobini ikishasimama juu ya 9 au 10 bila damu, dozi hushushwa kidogo kidogo kwa wiki 8 hadi 12 hadi kufikia kile kiwango cha chini kinachomtosha. Wataalamu wengi sasa hulenga miligramu 0.3 kwa kilo kwa siku au chini yake. Anayehitaji zaidi ya 0.5 ili asimame ni afadhali arudi kwenye damu na dawa ya chuma, kuliko kukua na mifupa myepesi na macho yenye mtoto wa jicho.

Dawa hii haiachwi ghafla. Tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala, na mtoto akipata homa kali, akitapika vidonge au akifanyiwa upasuaji, anahitaji steroidi ya ziada, wakati mwingine kwa sindano. Iandikwe kwenye kadi anayotembea nayo. Ununue akiba ya wiki 2 mbele ya ile unayotumia.

Homa katika eneo la malaria

Kwa mtoto huyu kila homa ni kipimo cha malaria siku hiyo, na himoglobini pamoja nayo. Mtoto mwingine akipoteza chembe kwa malaria, uboho hujaza pengo. Huyu hajazi, na gramu 8 zinaweza kuwa 4 kwa siku chache. Chandarua kila usiku mwaka mzima, na chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa katika kaunti za ziwa mwaka 2019 asiikose. Familia inayotoka Nakuru, ambako malaria ni chache, kwenda nyumbani Busia au Migori Desemba iongee na kliniki kwanza kuhusu dawa ya kinga.

Akitibiwa malaria kali kwa sindano za artesuneti, himoglobini ipimwe tena siku ya 7, ya 14 na ya 28. Chembe zilizopona vimelea huweza kupasuka kwa kuchelewa, baada ya wazazi kudhani yamekwisha.

Kupandikizwa uboho, na miaka ya ukubwani

Kinachoponya damu yenyewe ni kupandikizwa uboho. Matokeo mazuri zaidi ni ya mtoto aliye chini ya miaka 10, asiye na chuma kingi, mwenye ndugu wa baba na mama mmoja aliyelingana naye. Kwa hao, zaidi ya tisa kati ya kumi huishi. Ndugu huyo lazima apimwe jeni ya DBA kwanza, maana anaweza kuonekana mzima na bado akawa anaibeba, na uboho wake utakuwa na kasoro ileile. Familia nyingi za Kenya hufanyiwa upandikizaji wa namna hii India. Kabla ya kuitisha harambee, pimeni ulinganifu wa ndugu na feritini. Ni vipimo viwili vinavyoweza kuokoa fedha za safari ya bure.

Kwa wasiopandikizwa, kufikia utu uzima karibu wawili kati ya watano hutumia steroidi, wawili hutegemea damu, na mmoja huacha vyote kwa kuwa uboho umejirekebisha. Aliyepona hivyo anaweza kurudiwa, hasa akiwa mjamzito, kwa hiyo mimba ya mwenye DBA ifuatwe tangu mwanzo na daktari wa wanawake akishirikiana na wa damu. Hatari ya saratani ni kubwa kuliko ya watu wengine, hasa ya utumbo mpana, ya mifupa na ya damu. Himogramu kila miezi 3 hadi 4, uchunguzi wa utumbo kwa kamera kuanzia umri wa miaka 20 hivi, na maumivu ya mfupa yasiyoisha kwa kijana yapigwe picha, yasitibiwe kwa dawa za maumivu wiki baada ya wiki.

Nunueni daftari gumu la kurasa nyingi. Kila safari andika tarehe, uzito, himoglobini kabla ya damu, mililita alizopewa, aina ya damu, kilichotokea, na feritini ikiwa imepimwa. Bandika kwenye jalada la ndani nakala ya vipimo vya siku ya kwanza, na nakala nyingine ikae kwa jamaa anayeaminika, kwa sababu daftari husahaulika kwenye matatu na faili za hospitali hupotea.